Kufungua Kilichoshikwa na Kutu

Miongoni mwa kazi zote za karakana hapana hata moja inayomvunja fundi moyo, na kumvunjia vyombo vyake pia, kama kuifungua nati iliyokaa miaka mingi juu ya bolti yake, jua la kaskazi likiichoma na mvua za masika zikiinyeshea, hata kutu ikaingia baina ya vitu hivyo viwili na kuvifanya kama kimoja. Na kwa kuwa huku kwetu mkoani Tanga, katika mashamba ya mkonge yaliyotanda kutoka Pangani na Muheza mpaka Korogwe, zimo mashine za kale ambazo viwiliwili vyake bado vizima, na kasoro yake kubwa ni kwamba hazifunguki, nimeona si vibaya kuutumia wasaa niliopewa jioni hii kulieleza jambo hili kwa kirefu, ili mafundi wanaolijua walipime upya, na wanagenzi ambao ndiyo kwanza wanashika spana wapate pa kuanzia.

Rai yangu naisema mapema, ili msikilizaji aipime katika kila nitakalolitaja: kuifungua nati ni kazi iliyokwisha kuanza siku ile ilipokazwa, na yule aliyeikaza, kwa kupaka au kwa kuacha kupaka, ndiye aliyemrahisishia au kumtaabisha mwenziwe atakayekuja nyuma yake baada ya miaka thelathini au hamsini, mtu asiyemjua jina wala sura.

Tuitazame kwanza kutu yenyewe. Ili ipatikane, sharti yakutane mambo matatu, chuma, hewa na maji. Na chumvi ikiwapo kazi huenda upesi zaidi, kwa sababu kutu kwa hakika yake ni tendo la umeme mdogo sana upitao baina ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na maji yenye chumvi huupitisha umeme huo kwa wepesi kuliko maji matupu. Chuma kikishageuka kutu hakibaki na ukubwa wake wa awali, bali huvimba, kikawa na ujazo uliozidi mara mbili ya ule wa chuma kilicholiwa, na zaidi ya hapo kikiwa kimenyonya maji. Sasa fikiri nafasi iliyopo baina ya meno ya bolti na meno ya nati, ambayo ni sehemu ndogo tu ya milimita: kutu inayozaliwa humo haina pa kwenda, nayo kwa kuwa haiachi kuzaliwa, hujishindilia na kusukuma pande zote, hata ikawa kabari iliyoizunguka bolti kama pete. Yeyote anayedhani kwamba kutu ni gundi ataitendea kama gundi, yaani ataivuta kwa nguvu akitaraji iachie, ilhali kabari haiachii kwa kuvutwa. Huachia ikivunjwa vipande au ikipewa nafasi. Kila dawa ninayoijua ya nati iliyoganda hufanya moja ya mambo hayo mawili, au yote mawili kwa pamoja.

Na ili tuone kutu hiyo ilivyozipata mashine zetu, tuanze na mkonge wenyewe. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Dk. Richard Hindorf, kutoka Florida kwa njia ya Hamburg, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Lakini kutokana na miche hiyo michache yakaenea mashamba ambayo kufikia mwaka 1964 yalikuwa yakitoa takriban tani 230,000 za nyuzi. Mzigo mkubwa wa nyuzi hizo ulipita katika mashine ambayo wafanyakazi wa mkonge huiita korona, ambamo magurudumu yenye visu butu huliponda jani na kulikwangua nyama yake mpaka ubaki uzi mweupe, na kazi hiyo haifanyiki ila kwa maji mengi ya kusafishia. Maji hayo yakichanganyika na utomvu wa jani huwa na tindikali, kwa hiyo nati za korona zilikuwa zikioshwa na tindikali tangu alfajiri hadi jioni, msimu hadi msimu. Na nyuzi za plastiki zilipouangusha mkonge sokoni, viwanda vingi vikanyamaza, na mashine zikaachwa hivyo hivyo, zikiwa na majimaji yake na mabaki yake. Atakayezifungua leo hakabili kutu ya hewa peke yake. Pamoja na korona ziko zile injini za Lister zilizoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, za silinda moja na magurudumu mawili mazito ubavuni, zenye nguvu za farasi 5 au 6, ambazo zimesaga mahindi na kuvuta maji katika vijiji visivyo na hesabu. Injini hizo zilinakiliwa sana na viwanda vya Rajkot huko India, na kwa hivyo vipuri vyake havijapotea duniani, na ile iliyoganda mtu asiihesabu kuwa maiti kabla ya kuijaribu.

Fundi mwenye adabu ya kazi hashiki spana kwanza; hushika brashi ya waya. Huondoa tope, rangi, na magamba ya kutu mpaka aone nati ina pembe ngapi zilizo nzima, na hasa huyasafisha yale meno ya bolti yaliyochomoza nje ya nati, kwa kuwa nati hata ikikubali kuzunguka italazimika kupita juu ya meno hayo, na ikiyakuta yamejaa kutu itashika tena njiani, mara hii kwa ubishi mkubwa kuliko wa mwanzo. Kisha hujiuliza hesi yenyewe inakwenda upande gani. Hesi nyingi hukazwa kwa kuzungushia kulia, lakini pedali ya kushoto ya baiskeli hukazwa kwa kushoto, na viungo vya mitungi ya gesi zinazowaka, na magurudumu ya upande wa kushoto ya baadhi ya malori ya zamani, na ekseli nyingi ambazo mzunguko wake wa kazi ungeweza kuilegeza nati ya kawaida. Nimewaona watu wazima wenye misuli wakitokwa na jasho saa nzima huku wakiikaza nati waliyodhani wanaifungua, na kila walipoongeza nguvu ikawatii, ikakaza zaidi.

Baada ya hapo ndipo linapokuja suala la spana, nalo huku kwetu lina uzito wa pekee, kwa sababu katika banda moja la mkonge utakuta mashine ya Kijerumani imekaa bega kwa bega na ya Kiingereza, na nati zake zinafanana kwa macho lakini hazifanani kwa kipimo. Mwingereza Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay mjini London, alipopendekeza mwaka 1841 kwamba hesi zote ziwe na pembe moja ya digrii 55 na idadi maalumu ya meno kwa kila inchi, aliiondolea nchi yake fujo ya kila karakana kukata hesi zake yenyewe. Lakini Wamarekani wakaifuata pembe ya digrii 60 aliyoipendekeza William Sellers mwaka 1864, na vipimo vya milimita navyo vikashika digrii hizo 60. Aidha, spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, ilhali spana ya milimita huandikwa upana wa kichwa cha nati, jambo ambalo limewachanganya mafundi wengi. Nati ya bolti ya nusu inchi kwa kipimo hicho cha zamani ina upana wa milimita 23.4, mtu akiijia na spana namba 24 huiona imekaa, akaivuta, na ile nafasi ya sehemu 6 za kumi za milimita hutosha kuzimenya pembe zote sita. Nati iliyomenyeka pembe ni msiba juu ya msiba. Kwa hiyo, kwa nati iliyoganda, spana iwe ya kipimo chake hasa, iwe ya ringi au ya boksi, na iwe ya pembe 6 badala ya 12, kwani ya pembe 6 husukuma ubavu wa nati badala ya kuikwangua ncha. Spana ya mdomo wazi na ingoje mpaka nati iwe imekwisha kulegea.

Mafuta yana sifa nyingi kuliko kazi yanayoifanya, na hata hivyo kazi yake si ndogo. Mafundi wetu hutumia mafuta ya taa, dizeli, mafuta ya breki, na wengine huchanganya asetoni na mafuta ya giaboksi za otomatiki sawa kwa sawa, mchanganyiko mwepesi unaopenya vizuri, ingawa hutengana upesi na hauna budi kutikiswa kila unapotumiwa, wala usikaribiane na moto. Yale mafuta ya kopo yaitwayo WD-40, ambayo watu huyadhania kuwa ndiyo mfalme wa kufungua, yalibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa makusudi ya kufukuza maji na kuyazuia yasiyatie kutu makombora, na ndiyo kazi yanayoiweza hasa. Lakini dawa yoyote itakayochaguliwa, kinachoifanya iwe dawa ni muda. Mafuta huingia katika ufa mwembamba kwa kuvutwa na wembamba wenyewe wa ufa, na mvuto huo haukubali kuharakishwa. Mtu apake jioni, apake usiku, apake tena alfajiri, na pale bolti iliposimama wima ajenge kwa udongo wa mfinyanzi ukuta mdogo kuizunguka nati, amimine mafuta ndani yake, ayaache yakae kama kisima. Ukuta huo wa udongo ni jambo dogo ambalo sioni likifanywa tena, na lingewaokoa wengi.

Baina ya kupaka na kupaka, nyundo nayo ipewe zamu yake. Haisemwi nyundo ya kubomolea; inasemwa nyundo ndogo na mapigo mengi, huku upande wa pili wa nati pameegemezwa kipande kizito cha chuma ili pigo lisipotee kwa kuitikisa mashine nzima, bali liishie ndani ya nati. Kila pigo huzivunja punje chache za kutu, na kila punje iliyovunjika huyafungulia mafuta njia ya kuingia hatua moja zaidi. Anayeipiga bolti kwenye ncha yake, akaitanua kama uyoga, ameifunga mwenyewe kwa hesabu nyingine. Kama hapana budi kuipiga hapo, basi aweke kwanza kipande cha shaba katikati.

Sasa nifike kwenye moto, ambao kwangu mimi ndio mkuu wa tiba zote, na ambao hufahamika vibaya kuliko zote. Feleji ikipandishwa joto kwa digrii 100 za Selsiasi, kila kipimo chake huongezeka kwa takriban sehemu 12 katika 10,000. Kwa hiyo nati yenye tundu la milimita 25, ikipashwa digrii 300 ilhali bolti iliyo ndani yake haijapata moto sawa nayo, tundu lake hupanuka kwa yapata sehemu 9 katika mia za milimita. Wako wanaodhani kwamba chuma kikivimba tundu hupungua. Sivyo abadan, tundu hupanuka pamoja na chuma kilichokizunguka, kana kwamba nalo limejaa chuma. Nafasi hiyo ya sehemu 9 katika mia inaonekana si kitu, walakini tumekwisha kuona kwamba kutu imejishindilia katika nafasi isiyozidi sana hiyo, na kutu haina mnyumbuko wa chuma. Feleji inapotanuka na kusinyaa, kutu hupasuka. Ndiyo maana nati iliyopashwa moto ikaachwa ipoe bila ya kuguswa, mara nyingi hufunguka baridi, mtu akastaajabu, ilhali kazi ilikwisha kufanyika wakati yeye ameketi anakunywa kahawa.

Moto upelekwe kwenye nati, usipelekwe kwenye bolti, na uzungushwe pande zote kwa usawa mpaka nati ianze kuwa na wekundu wa giza unaoonekana kivulini. Bolti ikiwa imeingia katika mwili wa chuma cha kusubu, kama vile vizibao vya silinda na miguu ya mashine, basi ni mwili unaopashwa, polepole, kwa duara pana, na upoe polepole vile vile chini ya majivu au gunia kavu, kwa maana chuma cha kusubu kikipashwa mahali pamoja kwa pupa, au kikimwagiwa maji kingali cha moto, hupasuka kwa sauti ambayo fundi aliyepata kuisikia hataki kuisikia mara ya pili. Bolti zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani zimetiwa nguvu kwa moto kiwandani, ile ya 8.8 ikistahimili kama kilo 80 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Ikipata wekundu tena nguvu hiyo huondoka, na mtu aitupe, asiirudishe kazini kwa sababu tu inaonekana nzima. Chuma kilichopakwa zinki kikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku ule ule, basi kazi hiyo ifanywe uwanjani, upepo ukiwa mgongoni. Na yule aliyekwisha kuloanisha mahali kwa mafuta ayafute na kuyakausha kabla ya kuwasha.

Kuna jambo moja la kuungana na moto ambalo nalipenda kuliko mafuta yote ya kopo, nalo ni nta. Nati ikishapashwa, na wekundu ukishaondoka kabisa lakini joto likiwa bado la kuyeyusha, kipande cha nta ya nyuki, ile ambayo watu wa Tabora wameirina na kuiuza tangu zamani, kiguswe pale nati inapokutana na bolti. Nta huyeyuka, na kwa wepesi wake ikiwa ya moto huvutwa ndani ya hesi mpaka chini, mahali ambapo mafuta ya baridi yangechukua siku kadhaa kufika, kisha hubaki humo ikiwa kilainishi. Mshumaa wa kawaida hufanya kazi hiyo hiyo. Ikiwa mara ya kwanza haikufaa, irudiwe mara ya pili na ya tatu, moto kisha nta, kwani kila mzunguko wa joto na baridi huibomoa kutu zaidi.

Ndipo spana ishikwe. Wala mkono usianze kwa kufungua. Uanze kwa kukaza kidogo, kiasi cha kuisikia nati ikitikisika, kisha urudi, kisha ukaze tena, huku mafuta yakiongezwa, na kila safari ya kurudi iwe ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Vumbi la kutu lililovunjika ndani ya meno, likisukumwa upande mmoja tu, hukusanyika mbele ya jino na kuwa kabari mpya. Likipelekwa mbele na nyuma husagika likatoka pamoja na mafuta. Na hapa naomba niseme juu ya lile bomba refu linalovikwa kwenye mkono wa spana. Mtu mmoja akitia uzito wa kilo 40 kwenye ncha ya bomba la mita 1, ameizungusha bolti ya milimita 12 kwa nguvu iliyo mara nne au tano ya ile ambayo kwa kawaida ilitakiwa kuikazia. Nati haikufunguka, bolti imekatika, na kilichokuwa kazi ya saa moja kimekuwa kazi ya siku mbili. Sisemi bomba lisitumike kamwe. Nasema litumike baada ya mafuta, nyundo, moto na nta kupewa haki yao, na litumike kwa mvuto wa polepole ambao mkono unaweza kuusikia: nati inayolegea hutoa mlio mkavu na kuhama, ilhali bolti inayokaribia kukatika huzunguka laini, laini mno, bila ya mlio wowote, na anayeusikia ulaini huo na asimame papo hapo.

Bolti ikiwa rahisi na mwili wa mashine ukiwa adimu, hapana haja ya kuisihi, ikatwe. Msumeno wa chuma upitishwe kwenye ubavu mmoja wa nati, karibu kabisa na hesi lakini bila ya kuigusa, kisha tindo itiwe katika ufa huo, ipigwe mara moja au mbili, na nati itafunguka kama ganda. Kazi ngumu ni ile ya bolti iliyokatikia ndani ya tundu. Hapo, ninavyoona mimi, njia bora ni kuchomelea nati mpya juu ya kisiki kilichobaki, kwa sababu mchomeleo huo hutoa pa kushika na wakati huo huo hukipasha kisiki moto kutoka ndani, na nimeziona zikitoka kwa mkono mmoja bolti ambazo zilikuwa zimekataa kila kitu. Kama kisiki kimezama, basi kitobolewe katikati kwa keekee, katikati hasa, baada ya kusawazishwa kwa tupa na kutiwa alama, kuanzia sindano nyembamba kwenda nene, mpaka libaki gamba la hesi la kudonolewa. Vile vyombo vya kuchomolea vyenye hesi ya kushoto vinavyouzwa madukani sivipendi: vimefanywa kwa feleji ngumu sana isiyopinda, vikikatika ndani ya tundu hapana keekee ya kawaida inayoweza kuvitoboa, na mara nyingi hukatika.

Kwa vipande vidogo vinavyobebeka, yako mabirika ya kulowekea. Watu wa pwani wamekuwa wakisugua sinia na mabuli kwa ndimu na ukwaju tangu enzi za mababu, wakijua kwamba ukali huo hula ukoga wa shaba. Lakini kwa chuma ukali wa namna hiyo hula kutu na chuma pia, na kwa hesi huo si uangalizi. Molasi ya viwanda vya sukari, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, huila kutu kwa wiki moja au mbili na kukiacha chuma karibu kama kilivyokuwa, ila harufu yake ni kali, nayo haifai kwa alumini wala zinki. Bora kuliko zote ni magadi, yale yale ambayo Ziwa Magadi la Kenya huyatoa na akina mama huyalainishia kunde: vijiko vichache katika ndoo ya maji, kipande kilichoshika kutu kikaunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na chuma chakavu kikaunganishwa na upande chanya, visigusane, na baada ya usiku mmoja kutu huwa imeachia ikaelea kama masizi. Chuma chakavu hicho kisiwe abadan cha aina isiyoshika kutu, kwani kromu iliyomo huyatia maji sumu mbaya. Na kwa kuwa viputo vinavyopanda ni haidrojeni, ambayo hulipuka, ndoo isiwekwe chumbani wala karibu na moto.

Nimesema mwanzoni kwamba kufungua huanza siku ya kukaza, na ushahidi mkubwa kuliko wote ninaoujua uko katika Ziwa Tanganyika. Meli iliyopewa jina la Graf von Goetzen ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kutoka hapo kwa reli mpaka Kigoma, ambako mafundi watatu waliokuja nayo, akiwamo Anton Rüter, waliisimamia ikaungwa upya na kushushwa majini mwezi Februari mwaka 1915. Julai ya mwaka 1916, vita vilipowazidi Wajerumani, amri ikatoka kwamba meli izamishwe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Mafundi wale wale wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuiachia maji waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali, wakijua kwamba meli iliyozamishwa kwa adabu inaweza kuja kuinuliwa, ijapokuwa hawakuweza kujua ni nani atakayeiinua. Waliokuja kuiinua, mwaka 1924, walikuwa Waingereza, yaani adui mwenyewe, nao wakakuta injini na makasha ya mvuke yangali ya kufaa. Tarehe 16 Mei mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, na injini zile za mvuke zikaendelea kuifanyia kazi mpaka miaka ya 1970. Atasema mtu kwamba maji ya ziwa lile si ya bahari, na kweli, chumvi ingaliifanyia ukatili mwingine. Hata hivyo miaka karibu minane chini ya maji ni miaka karibu minane, na nati za korona nyingi za Tanga, zilizokaa juu ya nchi kavu chini ya paa, ziko katika hali mbaya kuliko hiyo, kwa kuwa aliyezikaza mara ya mwisho hakuzipaka kitu.

Kwa hiyo yule aliyekwisha kuifungua mashine yake kwa taabu yote hii, asiifunge kama ilivyofungwa. Hesi zipitishwe tapu na dai ya kipimo chake hasa, si ya kipimo jirani, zioshwe kwa mafuta ya taa, zikauke. Wazee wa mitambo ya mvuke walipaka shahamu ya mnyama iliyochanganywa na risasi nyeupe, ambayo ilifaa sana ila ni sumu. Leo iko grisi yenye unga wa shaba au wa grafiti, na palipokosekana hiyo, grisi ya kawaida ni mara mia bora kuliko ukavu. Ipakwe kwenye meno, na ipakwe pia chini ya uso wa nati na kwenye wosha, kwani katika nguvu yote ambayo mkono huitia kwenye spana, kama nusu yake huliwa na msuguano wa uso huo, kama arubaini kwa mia huliwa na meno, na kumi kwa mia tu ndiyo inayobaki kuivuta bolti yenyewe. Na kwa sababu hiyo hiyo bolti iliyopakwa isikazwe kwa nguvu iliyozoeleka kwa bolti kavu: msuguano umepungua, ile sehemu ya kumi imeongezeka, na mkono usiojua hilo utainyoosha bolti mpaka ipoteze uhai wake ndani ya nati mpya. Meno yaliyochomoza nje yafunikwe kwa grisi nzito. Na kwa nati za ngao na vifuniko vya korona, ambazo maji ya mkonge huzifikia kila siku ya kazi, ghairi ya zile za kichwa cha injini ambazo hazichezewi bila sababu, kila masika yakiisha zilegezwe moja moja kwa nusu mzunguko, zipakwe, na zikazwe tena.